Eropleni Isiyotiwa Gundi

Siku ya hitima yake walisimama watu watatu, mmoja baada ya mwingine, wakasema marehemu alikuwa mpole. Mpole, mtu wa watu, hana makelele. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango, na kikombe cha kahawa nikakitua chini kwa hasira. Mpole nani? Fundi niliyemjua mimi alimfokea mbuzi, aliifokea mvua, aliufokea ubao uliopinda mpaka majirani wakadhani ana ugomvi na mtu ndani. Upole waliouona wao ulimjia uzeeni, na una habari yake. Mimi nimo ndani ya habari hiyo, ndiyo maana sikusimama kusema chochote.

Kazaliwa wapi na ni mtoto wa nani, waulizwe wengine. Mimi namwanzia pale nilipomkuta: seremala wa kijiji cha Ole, mfupi, mabega mapana, vumbi la mbao masikioni, kalamu ya risasi imechomekwa kwenye kofia. Alichonga milango ya nakshi, ile yenye maua kwenye miimo na maandishi juu ya kizingiti. Watu wote walimwita Fundi, na hata mkewe, Bi Time, alimwita hivyo hivyo.

Alikuwa na chuki na msumari. "Msumari uwongo mtupu," alikuwa akisema. "Mbao mbili hazitaki kukaa pamoja, weye wazipigilia, wazitia jela. Siku moja zitatoroka." Yeye aliunga kila kitu kwa vijiti vya mti alivyovichonga mwenyewe, vikaingia kwenye tundu kwa kubanwa, na mlango ukakaa miaka bila kulia. Tajiri mmoja wa Gando alitundikiwa mlango wa namna hiyo, kisha akapigilia msumari kwenye mwimo apate pa kuning'iniza kandili. Habari ikamfikia Fundi baada ya sala ya Ijumaa. Alikwenda Gando kwa miguu, na koleo mfukoni, akaung'oa msumari mbele ya wenye nyumba, akaziba tundu kwa kijiti, akapasugua mpaka pakawa laini, kisha akauweka msumari kwenye kiganja cha tajiri. "Kitu chako hichi," akamwambia. Maji aliyopewa hakuyanywa.

Na yule mtu wa Shumba aliyekuja na mbao juu ya punda? Alitaka mlango upesi, binti yake anaolewa. Fundi aliunusa ubao wa kwanza, akaugonga kwa kifundo cha kidole, akawaka. "Mti huu juzi ulikuwa na majani! Urejeshe ukalale!" Yule maskini alirudi na punda wake mpaka Shumba, na harusi ikafanywa na mlango wa makuti. Mwaka wa pili yake mbao zilipokauka, Fundi alizifuata mwenyewe, akachonga mlango ambao mpaka leo wageni husimama kuutazama. Hakuomba radhi. Sikupata kumsikia akiomba radhi kwa jambo la kazi.

Lakini mtu huyu huyu alimwogopa Bi Time kama mtoto anavyomwogopa mwalimu wa chuo cha Kurani. Na alikuwa na woga mwingine, ambao mimi ndio naukasirikia zaidi, naukasirikia hata sasa na yeye yuko kaburini. Aliogopa baraza za serikali. Akifika skuli kutengeneza madawati alivua viatu nje, akaviweka pembeni, akaingia mikono imekunjwa kifuani na sauti imeshuka. Simba wa Ole, mbele ya meza yenye karatasi, anageuka paka. Mara ngapi nilimwambia, Fundi, hapa si msikitini, vaa viatu. Akajibu, "Nyumba ya watu, Mwalimu."

Mimi nilikuwa mwalimu msaidizi kwenye skuli hiyo, kijana, kazi nina miezi mitatu. Mkuu wetu wa skuli alitoka Unguja, mtu wa suti nyeupe na kalamu mbili mfukoni, na hakuna kilichomfurahisha kama kuwaigiza Wapemba wanavyosema. Alipenda kumwita Fundi "yule asiyejua kusoma." Neno hilo lilinichoma kila nilipolisikia, kwa sababu lilikuwa la uwongo na mimi nililinyamazia. Fundi alikuwa amehitimu Kurani. Barua za nusu ya mtaa aliziandika yeye, kwa herufi za Kiarabu, kwa hati ambayo mkuu wetu hata kwa rula asingeiweza. Tarehe na aya zilizokaa juu ya milango alizichonga bila kuandikiwa na mtu. Asichokijua ni herufi za Kizungu tu, na kwa serikali asiyezijua hizo hajui kitu.

Sasa lile sanduku. Lilikuja kwa meli kutoka Ulaya, likapitia Unguja, likafika kwetu na barua: wanafunzi wajifunze kazi za mikono kwa kuunda mfano wa eropleni ya abiria, na mkaguzi atakuja kuuona. Juu ya kifuniko palichorwa eropleni yenyewe, mabawa mawili juu na chini, injini nne, madirisha ubavuni, na wazungu wawili wanapanda ngazi na kofia zao. Ndani mlikuwa na vipande vya mti mwepesi vilivyokatwa nusu nusu, mbao nyembamba za mabawa, waya, vijipanga vinne vya bati vya kuzunguka mbele ya injini, karatasi ngumu inayoonyesha kama kioo, kopo la unga wa gundi, na karatasi moja kubwa ya michoro. Mkuu alijaribu siku mbili. Aligandisha vidole vyake viwili pamoja, akavunja kijiti cha bawa, akalifungia sanduku kabatini. Barua ya pili ilipokuja kusema mkaguzi yuko njiani ndani ya miezi miwili, akamwita Fundi.

Nilikuwapo. Alimwambia hivi, maneno haya haya: "Itoke sawa, mkaguzi aione, na wewe utaandikwa mwalimu wa useremala hapa."

Fundi aliinamisha kichwa. Alitoka nje, akavaa viatu, akasimama kwenye jua. Nilimfuata nikamwona macho yamelowa. Milango ya nakshi ilikuwa imepungua sana miaka ile. Watu walitaka ubao ulionyooka na bawaba, basi. Na yeye na Bi Time hawakujaaliwa mtoto. "Mwalimu," akaniambia, "mkono huu nlipewa na mtu, na yeye alipewa na mtu. Nkifa nao, ntaulizwa." Alichokitaka ni wanafunzi, apate watu wa kuwaachia mkono wake. Kama kuna mtu atasema Fundi alitaka ukubwa wa serikali, aje aniambie mimi.

Kazi aliifanya kwenye chumba cha nyuma cha skuli, na mimi nilipewa amri ya kumsomea karatasi. Siku ya kwanza nilimsomea orodha ya vipande. Siku ya pili nilikuwa na madaftari ya kusahihisha, nikamwambia atazame picha, picha zinajieleza. Alitazama. Picha zilipangwa mstari mmoja, kumi na mbili, na yeye alianza pale anapoanza mtu yeyote aliyesoma chuoni: kuliani. Kwa siku kumi alifanya kazi ya kutia watu wivu. Alisugua kila kipande kwa majani ya msasa, mkia ukakaa, mabawa yakakaa, kiwiliwili kikafungwa. Kisha akafika kwenye picha ya mwisho kushotoni, ambayo kwa wenyewe ni ya kwanza, akaona mtu anachimba kiwiliwili hicho ndani na kutia ile karatasi ya kioo kwenye madirisha.

Ukelele wake ulisikika mpaka darasa la kwanza. "Nani kaandika kinyumenyume hivino? Mjenga nyumba aanza na paa?" Aliitupa karatasi, akaiokota, akaitupa tena. Mkuu alikuja mlangoni, akaelewa, akacheka mpaka akashika ukuta. Wiki nzima alikuwa akiwasimulia wageni kwamba Mpemba anaunda eropleni kuanzia mkiani. Kosa lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyemwacha peke yake na karatasi, na mimi nami nilicheka kidogo, kwa kuwa mkuu alikuwa anacheka.

Kilichoiokoa kazi ni ukaidi wake kuhusu gundi. Siku ile ya kwanza alilifungua kopo, akatia maji kidogo kwenye unga, akanusa. "Yanuka kwato," akasema. "Mnyama gani?" Nilisoma maandishi ya kopo juu mpaka chini, hayakusema mnyama gani. Mkuu akasema ni ng'ombe, bila shaka. "Umemwona?" Fundi akauliza, kwa adabu sana, macho chini. Akalifunika kopo, isije ikawa nguruwe. Aliiunga eropleni nzima kwa njiti za mnazi, zile za fagio, akazinoa mpaka zikawa nyembamba kama sindano, akatoboa tundu zake kwa keke ndogo aliyoitengeneza kwa kazi hiyo. Kwa hiyo alipogundua kosa la picha, hakuvunja kitu. Alizitoa njiti moja moja akazipanga juu ya mkeka, akaanza upya kutoka kushoto.

Bi Time alikuja skuli mara moja, na chakula cha mumewe kwenye kikapu, akaona lile kopo limekaa kando halijatumiwa. Aligombana naye mbele yangu. "Fundi, watu wamekupa gundi yao, tia gundi yao. Huili, wabandika tu."

"Mkono huu huu ndo nlonao, Bi Time."

"Na huo mkono ukikosa kazi utakula nini?"

Fundi akaendelea kunoa njiti. Bi Time alinitazama mimi apate mtu wa kumuunga mkono, nami nikajifanya natafuta chaki.

Ilipokwisha ilikuwa na urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Ukiitikisa hailii. Ukiipuliza, vijipanga vyote vinne vinazunguka pamoja. Ukiweka jicho dirishani unaona viti ndani, ambavyo kwenye michoro havikuwamo. Alivichonga kwa sababu alisema haiwezekani watu wasafiri wamesimama. Mkuu aliizunguka mara tatu na hakupata la kucheka.

Asubuhi ya mkaguzi Fundi alikuja na kanzu iliyofuliwa ikapigwa pasi, na mfuko wa vyombo vyake, huenda akatakiwa aonyeshe mkono. Mkuu alimwambia akae nyuma, karibu na tangi la maji, mpaka aitwe. Kisha akanigeukia mimi, akanipa kipande cha karatasi ngumu. "Una hati nzuri. Andika: Kazi ya Mwalimu Mkuu na wanafunzi wake."

Niliandika. Sitaki kusikia kwamba nilikuwa kijana. Mkono ulikuwa wangu, wino niliuchovya mimi, na herufi nilizipamba.

Mkaguzi alikuwa Mzungu mrefu, Kiswahili chake kizuri. Aliinua eropleni, akaipuliza, akatazama ndani, akaona viti, akacheka kama mtoto. Alisema hajaona kazi nzuri hivi kwenye skuli yoyote ya visiwani. "Nani kaifanya?" akauliza. Mkuu akasema, "Sisi hapa, Bwana." Mkaguzi akanitazama mimi niliyesimama na trei ya chai. "Na wewe ulisaidia?"

Kutoka pale niliposimama kupitia mlango wa nyuma, niliuona ukingo wa kanzu ya Fundi kule kwenye tangi. Neno moja tu lilitakiwa. Nikasema, "Kidogo, Bwana."

Mkaguzi akauliza kama tuna mtu wa kufundisha useremala. Mkuu akamjibu kwamba yupo hodari mmoja Unguja, ana cheti. Alikuwa binamu yake. Eropleni ikafungwa kwa karatasi, ikachukuliwa garini, ikampita Fundi pale kwenye tangi. Aliweka mkono kifuani mpaka gari lilipoondoka. Nikamwendea nikamwambia, "Bado, Fundi. Watakuita."

Ngoja ngoja huumiza matumbo, na mimi nilimngojesha miezi minne. Kila Ijumaa baada ya sala alinichukua kwake, Bi Time akatandika mkeka, tukala wali na mchuzi wa papa, naye akaniuliza, "Vipi, Mwalimu?" Nikasema bado. Nikaongezewa mchuzi. Kisha yule mwenye cheti akashuka na sanduku lake, na siri haikuwa na pa kukaa tena. Nilimwambia Fundi kwamba mkaguzi ameleta mtu wake.

Aliuliza jambo moja. "Kaiona lakini?"

"Kaiona."

"Kasema nini?"

Hapa ndipo nilipofanya kosa kubwa kuliko yote. Ningemwambia mkaguzi alisema nini, angeuliza kwa nini basi hakuitwa. Nikaogopa swali hilo. Nikasema, "Hakusema kitu."

Fundi alitikisa kichwa polepole. Mwezi uliofuata nilihamishwa, nikapelekwa kusini, nikashukuru Mungu.

Nilirudi baada ya miaka tisa, vita vikubwa vya pili vimekwisha, na skuli ile ile sasa mkuu wake ni mimi. Wiki ya kwanza nilipanda baskeli nikaenda Ole. Njia nzima nilikuwa najisifu moyoni kwamba nakwenda kutengeneza mambo. Nilimkuta uwanjani kwake amechutama juu ya mlango wa mbao tupu, mdomoni ameshika misumari, anapigilia. Mbuzi alikuwa anatafuna kikapu chake cha vyombo, naye hamwambii kitu. Aliponiona alitema misumari kiganjani, akaniamkia kwa sauti ndogo, akaniwekea kiti.

Nikamwambia nilichokuja nacho: aje skuli, afundishe, mwaka huu huu, karatasi natia saini mwenyewe.

"Mwalimu," akasema, "miye si nlitahiniwa nkashindwa?"

"Hukushindwa, Fundi."

"Yule Mzungu kaiona, hakusema kitu. Weye ndiwe ulonambia."

Basi nikamweleza yote, nimetazama chini: kile kipande cha karatasi na hati yangu, maneno ya mkaguzi, viti alivyovicheka kwa furaha, swali aliloniuliza, na "kidogo" yangu. Nilipomaliza nilingoja aungurume. Nilimtaka anifokee kama alivyomfokea yule wa Shumba, anitoe kwake na baskeli yangu, nipate kupumua.

Aliigeuza misumari kiganjani. "Kumbe ilipita," akasema. Kisha akainuka, akaelekea mlango wa nyumba, na kwa mara ya kwanza siku ile nikaisikia sauti yake ya zamani. "Bi Time! Bi Time we! Njoo usikie! Haikuwa gundi! Mwalimu kaja kusema haikuwa gundi!"

Bi Time alitoka na kisu cha muhogo mkononi. Alielezwa kwa haraka, mumewe akirukia maneno, akicheka. Yeye hakucheka. Alinitazama mimi.

"Miaka tisa, Mwalimu," akasema. "Miaka tisa namwambia mume wangu ukaidi wake ndo ulomkosesha. Kila tukikosa kitu namwambia. Yeye aninyamazia, asema huenda n'na haki."

"Mwache, Bi Time, ni mgeni," Fundi akasema.

"Mgeni kala kwangu Ijumaa ngapi?" Akageuka, akaingia ndani.

Nikamuuliza Fundi tena habari ya skuli. Aliinyoosha mikono yake mbele yangu, vidole vimevimba kwenye viungo. "Mkono ushakufa, Mwalimu. Toka ile sijachora hata ua moja. Nlisema mtu asojua aache kuharibu miti ya Mungu." Kisha uso ukamfunguka tena. "Lakini ilipita!" Akanipiga begani kwa furaha, akanishika nisiondoke kabla ya kula.

Sikuweza kula. Nilitoka nikiisukuma baskeli, na kutoka Ole mpaka mlango wa skuli nilimtukana mtu mmoja kwa jina lake kamili, jina langu mwenyewe, kwa sauti, na wanafunzi niliokutana nao njiani wakasimama pembeni wakaniamkia, "Shikamoo, Mwalimu."